Bolti ya Kumi na Nne

Waithira alikuwa akichuja chai ya jioni mgeni alipoingia uani akikokota baiskeli. Mgeni huyo hakubisha hodi kwanza. Alisimama, akaitazama pikapu nyeupe, akainama kuchungulia chini yake. Ndipo akasema hodi.

"Karibu," Waithira alijibu, lakini hakusogea. Hakumjua.

Mgeni alikunjua kitambaa cha mkononi. Ndani yake kulikuwa na bolti moja, imelowa oili.

"Hii ni yenu, mama. Imeanguka pale kwenye matuta ya barabara, mimi nikiwa nyuma. Nimeita, lakini dereva hakusikia."

"Angesikia vipi? Siku hizi hiyo gari inanguruma kama kinu cha posho."

Ephantus, mume wa Waithira, alitoka ndani na taulo begani. "Nani huyo anatukana gari yangu?"

"Ni mama ameitukana, mzee," mgeni alisema. "Mimi nimeleta ushahidi tu."

Ephantus alicheka, akamkaribisha kiti. Mgeni aliitwa Jeconia. Alikuwa mwalimu wa ufundi wa magari katika polytechnic, chuo cha ufundi kilichojengwa kwa harambee, si mbali na mtaa wao wa Kapsoya. Alikuwa amehamia Eldoret muhula ule. Hakukaa kwenye kiti. Aliomba gunia, akalitandika chini, akaingia chini ya pikapu. Alipotoka, uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Mzee, nyingine pia imeanguka, na hii niliyookota imeharibika ncha, haifai kurudishwa. Hizi bolti ndizo zinashika injini na giaboksi pamoja. Mlifungua klachi hivi karibuni?"

"Wiki iliyopita. Mimi na jirani."

"Bolti mliziweka wapi mkifungua?"

"Kwa mkebe."

"Zote pamoja?"

"Sasa ningeziweka benki?"

"Afadhali ungeziweka benki," Jeconia alisema. "Bolti za hii giaboksi si za urefu mmoja. Kuna ndefu na kuna fupi, na kila moja ina shimo lake. Ndefu ikiingia shimo la fupi, inagonga mwisho kabla haijabana. Mkono wako unasikia imekaza. Kumbe haijashika kitu. Gari ikitetemeka siku chache, inalegea na kuanguka."

"Na tukiendelea kuiendesha hivyo?" Waithira aliuliza.

"Zilizobaki zinabeba mzigo wa zile zimepotea. Mwishowe nazo zinalegea, au giaboksi inapasuka. Gari inaweza kukwama popote, mama. Hata mteremkoni."

Waithira aliweka birika chini. Kesho kutwa, Alhamisi, walipaswa kumleta mjini mama mkwe wake, Waceke, kutoka Ainabkoi. Macho yote mawili ya mama yule yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akipapasa kuta kutafuta mlango. Daktari wa macho alikuja hospitali ya Eldoret mara chache sana, na zamu ya Waceke ilikuwa Alhamisi asubuhi. Akiikosa, hakuna aliyejua daktari angerudi lini.

"Nitanunua bolti kesho," Ephantus alisema. "Si ni bolti tu?"

Jumatano mchana alirudi kutoka mjini na bolti mbili zilizofungwa kwenye gazeti. "Nimepata. Kumi na nne kamili," alisema, akaingia chini ya gari. Waithira alichuchumaa kando, akimsikiliza. Bolti ilizunguka mara mbili, kisha ikakataa. Ephantus alisukuma spana. Ikakataa tena.

"Nipe lile bomba," alisema. Alitaka kulivika kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi.

Waithira alilishika bomba, lakini hakumpa. "Mwalimu alisema atapita akitoka kazini. Tumngoje."

"Mwalimu, mwalimu. Kwani mwalimu ndiye atambeba mama yangu kesho?"

"Baba Ndungu, nakuomba. Kidogo tu," alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Ephantus aliweka spana chini. Waithira alijua kilichomsumbua. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa akimwogopea mama yake.

Jeconia alipofika, aliliona bomba kwanza. "Hilo lirudi stoo," alisema. "Mzee, dukani uliulizaje?"

"Nilisema nipe bolti ya kumi na nne."

"Kumi na nne ni spana."

"Eh, si ndiyo bolti yenyewe? Spana ya kumi na nne, bolti ya kumi na nne. Sisi wote tunaita hivyo."

"Hata mimi naita hivyo. Lakini hiyo namba ni ya kichwa tu, pale spana inashika. Haikuambii unene wa mwili wake wala nyuzi zake. Ni kama kununua viatu kwa kupima kofia."

Waithira alicheka bila kutaka. Jeconia alichukua bolti ya zamani, ile aliyoiokota, akaipangusa. Akailaza ubavu kwa ubavu na ile mpya, nyuzi kwa nyuzi. Nyuzi ni ile mistari inayozunguka mwili wa bolti. Akaziinua kuelekea juani.

"Angalia hapa, mama. Unaona mwanga katikati?"

"Naona. Zingine zimeshikana, zingine zimepandana."

"Basi si sawa. Nyuzi zikiwa sawa zinalala zikiingiliana kama meno yaliyofungwa, hakuna mwanga unapita. Za gari yenu zimekaribiana. Hizi mpya zimeachana. Pengine ni bolti za plau la kulimia."

Alimpa Ephantus zote mbili, akamwonyesha vichwa vyake. Ya zamani ilikuwa na alama. Mpya ilikuwa na kichwa kitupu.

"Hiyo alama inaonyesha nguvu ya chuma. Kichwa kitupu usikiweke kushika injini, hata kama kinaingia vizuri. Na urefu pia uwe ule ule. Fupi sana inashika nyuzi chache na kuzivunja. Ndefu sana, mmeona kazi yake."

"Na nikiikaza kwa nguvu?"

"Ungeharibu nyuzi za ndani ya shimo la giaboksi yenyewe, na hapo ndipo hasara. Bolti sahihi inaanza kwa vidole, na inaendelea kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa, itoe. Usibishane nayo kwa bomba."

Ephantus aliziinua bolti juani, akazilinganisha mwenyewe. Kisha akaitia ile ya zamani mfukoni. "Twende tena," alisema.

Wote watatu walizunguka mji. Safari hii Ephantus hakutaja namba. Aliweka bolti ya zamani juu ya meza ya kila duka na kusema, "Nataka ndugu ya hii." Katika duka la mwisho walimwambia kwamba zitafika Jumamosi kutoka Nakuru. Jua lilikuwa linashuka. Waithira alimwona akilini mama mkwe ameketi Ainabkoi, amevaa kitambaa chake safi, akisikiliza mngurumo wa gari ambalo halingefika.

Jeconia alikuna kidevu. "Pale polytechnic kuna injini na giaboksi ya gari kama hii. Naweza kuwaazima bolti mbili. Lakini Ijumaa asubuhi wanafunzi wangu wana mtihani wa serikali. Watapimwa kwa injini hiyo hiyo. Bolti zisiporudi, hawapimwi, na wengine wao wameungoja huu mtihani tangu mwaka jana."

"Zitarudi," Waithira alisema, kabla mumewe hajafungua mdomo. "Ijumaa asubuhi. Nitazileta mwenyewe."

Jioni hiyo Jeconia alizileta bolti, wakafanya kazi pamoja. Jeconia alichora umbo la giaboksi kwenye kipande cha katoni, akatoboa tundu kwa kila bolti. Kila walipofungua moja, waliichomeka mahali pake kwenye katoni, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Walihakikisha giaboksi imekaa vizuri dhidi ya injini, bila nafasi. Kisha Ephantus akaingiza kila bolti kwa vidole. Hakuna iliyokataa. Akazikaza kidogo kidogo, moja upande huu, nyingine upande wa pili, mpaka zote zikashika.

Alhamisi, Waithira alikuwa makini njia nzima. Alisikiliza. Kila mteremko aliingoja ile ngurumo, akashika mlango kwa nguvu. Haikuja. Kutoka Ainabkoi, Waceke alikaa kati yao, mkono wake ndani ya mkono wa Waithira.

"Leo hii gari imenyamaza," mama mkwe alisema. "Mmeipa dawa?"

Walifika zamu yake haijapita. Kufikia jioni alikuwa kitandani hospitalini, jicho moja limefungwa bandeji, na muuguzi alisema upasuaji umekwenda salama.

Lakini nyumbani walimkuta Kipngetich, mkulima wa Ainabkoi ambaye Ephantus humbebea mizigo kwa pikapu, amekaa anawangoja. Kabichi zake zilipaswa kufika shule moja ya Moi's Bridge kesho asubuhi.

"Kama hutaweza, Ephantus, sema sasa nimpe mwingine," alisema. "Na ukimwachia mwingine, sijui kama shule itakurudia."

Ephantus alimwambia atamjulisha alfajiri. Kipngetich alipoondoka kwenda kulala kwa jamaa yake hapo mtaani, Ephantus hakumtazama mkewe. "Ni safari moja tu. Mchana nitakuwa nimerudi na bolti za mwalimu."

"Mtihani ni asubuhi."

"Watatafuta zingine."

"Wapi, Baba Ndungu? Si tumezitafuta mji mzima?"

Ephantus alivua viatu. Alienda kulala. Waithira alikaa akiwaza juu ya ile shule, na kodi ya nyumba, na vijana asiowajua, wenye spana mikononi na hakuna cha kukaza.

Alfajiri aliamka, kitanda kikiwa kitupu upande wa pili. Alitoka mbio, ameshika shuka.

Pikapu ilikuwa bado uani. Chini yake ilitokeza miguu ya Ephantus.

"Leta ile katoni," sauti yake ilisema. "Na umtume mtoto wa jirani kwa Kipngetich. Amwambie ampe mwingine."

Waithira alienda kwa miguu, bolti mbili mkononi. Langoni mwa polytechnic vijana walikuwa wamepanga mstari, kimya, mashati yamepigwa pasi. Jeconia alizipokea, akaenda nazo hadi kwenye injini ya mtihani, akainama, akaingiza moja kwenye shimo lake kwa vidole. Ilizunguka, ikazunguka, ikafika.

"Asante, mama," alisema tu. Kisha akamwita kijana wa kwanza.

Kutoka hapo Waithira alipitiliza hospitalini. Muuguzi alikuwa ameshatoa bandeji. Waceke alipepesa jicho, akamtazama mkaza mwanawe kuanzia kichwani, taratibu, kama mtu anayesoma. Akamshika mkono.

"Waithira," alisema, "mbona vidole vyako vina oili?"

"Nimerudisha kitu cha watu, Mama."