Faini ya Kusahau Salamu

Nianze kwa kukiri: siku Kinasahila kilipozinduliwa Mbeya, nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mtambo ule ulikaa juu ya mnara, ukisikiliza kila simu nchini. Ukisikia utapeli, unaikata simu na kutoza faini papo hapo kwenye akaunti ya mpigaji.

Aliyeutengeneza, Mhandisi Ambakisye Mwakalinga, aliufundisha jambo moja: tapeli hukimbilia hela, mtu wa kweli huanza na salamu. Alipoulizwa kama faini inatosha, alicheka. Mtu akiguswa mfukoni, alisema, anakoma.

Ijumaa moja akiwa ofisini, mama yake, Bi Tupokigwe, akamtumia ujumbe kutoka Tukuyu. Dokta Festo, yule anayempigia kila asubuhi, kampatia goti jipya lililotengenezwa mwezini, nusu bei. Mama akimaliza chai anatuma hela yote ya matibabu.

Ambakisye akapiga mbio mbio. "Mama, usitume hiyo hela!"

"Ndugu tapeli," Kinasahila kikasema kwa upole, "umetozwa laki mbili. Siku njema."

Simu ikakatika. Akapiga tena, akataja hela tena, akatozwa tena. Mara ya tatu kidole kilikuwa kinabonyeza hata kabla hajaiwazia faini, na hapo ndipo alipong'amua. Kumbe Festo naye ndivyo afanyavyo. Analipa, anapiga tena. Na kila alipotozwa, alijifunza kusalimia vizuri zaidi, hadi mtambo ukamwona mtu mwema kuliko wote Tukuyu.

Basi naye akasalimia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ambakisye."

"Yupi?"

"Mwanao, mama. Husikii sauti?"

Sauti, mama akamjibu, siku hizi inanakiliwa na kila mhuni. Kama ni mwanawe kweli, aulizie hali za nyumbani.

Ambakisye akajaribu. Akaulizia goti la kushoto.

"Linaloniuma ni la kulia."

Akaulizia ng'ombe.

"Alikufa mwaka jana. Dokta Festo alinipa pole siku ileile." Kikombe kikagonga kisahani. "Wewe kijana una sauti nzuri, tafuta kazi halali. Mwanangu ni mhandisi mkubwa, hana muda wa kupiga simu."

Akakata.

Ambakisye akapiga tena. Namba unayopiga, akaambiwa, inatumika kwa sasa. Huko kwenye laini, bila shaka, kuna mtu alikuwa anaulizia goti la kulia.

Akateremka ngazi mbili mbili hadi kwenye teksi ya angani, simu sikioni, akaacha ujumbe. Safari hii hakutaja hela kabisa.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje? Goti la kulia linaendeleaje? Niko njiani nakuja. Naomba unisubiri, tunywe wote hiyo chai."