Mikono Chini ya Mahameli

Hilda Ogden alipomwachia mwanawe, mtoto hakuanguka.

Hilda alikuwa amefunikwa kitambaa cheusi cha mahameli, ndani ya studio ya filamu magharibi mwa London, majira ya baridi ya mwaka ule makaa ya mawe yalipokosekana nchi nzima. Filamu yenyewe ilitokana na riwaya ya enzi za Malkia Victoria, na siku hiyo walirekodi tukio la mama tajiri anayetaka picha ya mwanawe mchanga. Enzi hizo kamera zilikuwa za polepole. Mtoto akitikisika, picha inaharibika. Kwa hiyo mama alijifunika kitambaa, aonekane kama kiti tu, akamshika mtoto kwa nyuma.

Mwigizaji mkuu alikataa kata kata kujifunika kwenye joto la taa zile.

"Si yupo mama mwenyewe wa mtoto?" alisema. "Mfunikeni yeye."

Hivyo Hilda, ambaye hata kuuliza choo kiko wapi aliona haya, akapigishwa magoti nyuma ya kigoda alichokalishwa Malcolm wake wa miezi kumi, akafunikwa gubigubi. Mahameli ilikuwa ya kale kweli. Nguo zilikuwa za mgawo wakati huo, na Netta wa mavazi aliiokota kwenye sanduku la nyumba moja iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu. Ilinuka karafuumaiti. Chini ya karafuumaiti kulikuwa na harufu nyingine, kama ya maua yaliyosahaulika ndani ya maji.

Kichwa kikamzunguka. Mikono ikalegea. Akatambaa kinyumenyume kutafuta hewa, akatoka nyuma ya kitambaa huku akingoja kusikia kishindo cha mwanawe sakafuni.

Hakukuwa na kishindo. Malcolm alikaa wima, kimya, anaikodolea kamera macho.

"Kata!" alipiga kelele Bwana Carrow, mwongozaji. "Safi! Safi kabisa!"

Kule kwenye kona ya chai, Ivy Clegg alikuwa anacheka. Mwanawe Keith ndiye aliyekuwa mwenza wa Malcolm, maana mtoto mmoja hakuruhusiwa kukaa muda mrefu chini ya taa. Walifanana kama waliotoka tumbo moja, na walibadilishana gauni lile lile jeupe lililochovywa kwenye chai ili lisimetemete mbele ya kamera.

"Shoga, umemlisha nini?" Ivy alisema. "Huyu wangu, dakika moja tu, angeshawatukana wote."

"Sijui," Hilda alinong'ona. "Ivy, mimi sikuwa nimemshika."

"Haya, labda kashikwa na malaika. Kunywa chai, umekuwa mweupe kama karatasi."

Kesho yake kabla ya chakula cha mchana walitazama vipande vilivyopigwa jana. Bwana Carrow aliwaita hata kina mama. Taa zikazimwa, na pale ukutani akatokea Malcolm kwa rangi ya majivu, ameketi kigodani. Nyuma yake mahameli ilikuwa imesimama. Ilikuwa na kichwa, ilikuwa na mabega, na kichwa kile kilikuwa kimemwinamia mtoto.

"Umefanya vizuri sana, Bi Ogden," alisema Bwana Carrow gizani. "Hata kichwa umekiinamisha kama mtu mwenye msiba. Nani alikufundisha?"

Hilda alikuwa anatazama kwingine. Kwenye pembe ya picha, nje ya kitambaa, aliona kiatu chake mwenyewe, na kisigino alichokuwa amekishonea kipande cha ngozi.

"Kile ni kiatu changu," alimwambia Ivy sikioni. "Mimi niko pale chini. Pale ndani yuko nani?"

"Acha kunitisha, Hilda."

"Tazama basi."

Ivy alitazama. Kisha akamkumbatia Keith, akasema ana njaa, akatoka naye.

Nyumbani Hilda alikuwa peke yake, maana mumewe Reg alikuwa melini, mbali. Umeme ulikuwa unakatwa mchana na chumba kilikuwa baridi hata pumzi inaonekana. Alimkalisha Malcolm katikati ya kitanda ili amkunjie nepi. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameegemea nyuma, raha mustarehe, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mzee wa nyumba. Nyuma yake hapakuwa na mto wala ukuta.

"Malcolm," aliita. "Njoo kwa mama."

Mtoto hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele, hapepesi hata macho, kama anayengoja kuruhusiwa. Hilda akamshika chini ya makwapa amvute, na kitu kikamvuta mtoto kurudi. Hakikuvuta kwa nguvu. Kilivuta polepole, kwa subira, kama mama anayemnyima jirani mtoto aliyelala.

Alipomvua fulana aliona alama mbavuni, vidole vinne huku na vinne huku, na kifua chake, chumba kizima, mpaka nywele zake, vilinuka karafuumaiti.

Kwa siku mbili Malcolm hakulia. Hakunyonya. Uso wake ulianza kuwa mdogo.

Hilda akapiga moyo konde, akavuka barabara kumwita Bi Tansley. Mtaa ule, Bi Tansley ndiye aliyewapokea watoto wakizaliwa na kuwaosha watu wakifa, na kwa mambo yote mawili alivaa aproni ile ile. Aliingia, akavuta hewa puani, akasimama.

"Nani kafa humu?"

"Hakuna aliyekufa, Bi Tansley."

"Usinidanganye, mwanangu. Harufu hii naijua kuliko ya mkate."

Hilda akamsimulia yote, macho chini. Bi Tansley akaketi ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo na mtoto.

"Mama yangu aliniambia habari hizi," alisema kwa sauti ya chini. "Zamani mtoto akifa, wengine walimpiga picha kabla ya kumzika. Walimvika, wakamkalisha, macho wazi. Mama mtu akafunikwa kitambaa, amshike asianguke. Sasa fikiria mama wa namna hiyo. Kuna ambao hawakukubali kuachia. Huyu wa kwako hakuachia hata alipokufa yeye. Nyinyi mmemletea kitambaa chake, mmemkalishia mtoto mbele yake, yuko hai, ana joto. Ulitaka afanye nini?"

"Aondoke! Bi Tansley, nifanyie chochote, mwambie aondoke!"

Yule bibi akafungua dirisha, baridi ikaingia. Akafunika kioo cha kujitazamia kwa shuka, kama afanyavyo kwenye nyumba ya msiba. Kisha akamwambia yule asiyeonekana, kwa sauti ile anayotumia kwa wafiwa, "Binti yangu, mwanao amekufa. Amekufa zamani. Picha imekwisha. Mwachie huyu, uende ukamtafute wa kwako."

Godoro likabonyea nyuma ya Malcolm, na Hilda akaona fulana ya mtoto inaingia ndani pande zote mbili, kidole baada ya kidole, na midomo yake inageuka rangi ya buluu, na pumzi yake inatoka lakini hairudi, na ile harufu ya maua ikapanda mpaka ikawa kama maji mdomoni, na Bi Tansley anapiga kelele, "Hataki kusikia hilo! Hataki kusikia kwamba amekufa!", na Hilda anavuta, anavuta, anajua akivuta zaidi atamvunja mwanawe, asipovuta atamwona anakufa mbele yake, na ndipo maneno yakamtoka kabla hajayafikiri.

"Siye huyu! Umekosea mtoto! Wako ni yule mwingine, aliyevaa gauni lile lile. Hajafa. Yuko Mtaa wa Pelham, nyumba yenye mlango wa kijani. Mama yake anaitwa Ivy."

Godoro likainuka.

Kisha fulana ikajaa taratibu. Malcolm akaanguka nyuma, akajigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda, akalia. Alilia kwa hasira, uso mwekundu, na Hilda akamkumbatia na yeye akalia, hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile.

Alipoinua macho, Bi Tansley alikuwa anavaa koti.

"Umesema nini, Hilda?"

"Ilibidi niseme kitu. Ni maneno tu."

"Kwako ni maneno." Bibi alifunga vifungo vyake. Hakungoja chai. Mlangoni alisema, "Nenda kwa mwenzio. Nenda sasa hivi."

Hilda alikwenda, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Aliufikia mlango wa kijani akiwa ameshatunga la kusema njia nzima: mchukue Keith, toka humu, mimi ndiye niliyemtuma. Lakini alijua pia kwamba yule mama wa kwenye mahameli, akiambiwa amedanganywa, njia ya kurudi anaijua. Malcolm alikuwa begani, mzito, ana joto, anampiga mateke tumboni.

Ivy alifungua kabla hajagonga mara ya pili. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Hilda! Ingia, ingia uone maajabu. Keith wangu leo kanyamaza tangu saa nane. Nimemkalisha pale, nimefua, nimepika, nimesuka nywele, hajaguna hata mara moja. Anakaa kama bwana mdogo." Akacheka. "Na huyo wako je?"

Hilda alichungulia ukumbini, akaona mguu mmoja mdogo wenye soksi, umetulia. Hewa iliyotoka ndani ilinuka karafuumaiti.

"Analia," alisema. "Analia tu, siku nzima."

"Pole, shoga. Mlete basi, akae na mwenzake, huenda akafundishika."

Malcolm akashika shungi la nywele za mama yake, akalivuta kwa nguvu zote. Iliuma sana. Hilda aliacha iume, akafumba mdomo, akatikisa kichwa.

"Siku nyingine, Ivy," alisema, na akaanza kushuka ngazi.