Chupa Isiyotaka Hewa

"Sindano, mzigo umetoka maabara," redio ilinong'ona. "Mwizi anashuka ngazi za nyuma."

"Nimemwona."

Alimwona, barakoa usoni, na akamtambua. Mwizi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

Sindano, jasusi wa siku nyingi na mjane wa juzijuzi, aliishika bastola yake ya Beretta chini ya mtandio, akamfuata. Ndani ya kiboksi cha barafu alichobeba shemeji mlikuwa na chupa moja: bakteria waliotolewa kwenye utumbo wa mumewe kabla saratani haijammaliza. Daktari wa maabara ile aligundua kwamba wadudu hao hujificha ndani ya uvimbe na kuukinga usiguswe na dawa. Sasa alikuwa akitafuta cha kuwaua. Wodi nzima ya wagonjwa wa saratani ilimsubiri, na mama mkwe wa Sindano akiwa humo.

Mume kaburini, wadudu wake wazima. Kazi ya Mungu haina makosa.

Chini, kwenye maegesho, mgeni mwenye suti aliegemea Prado nyeusi. Kampuni yake ilitaka dawa itakayowaua wadudu hao iwe yake peke yake.

"Fungua nione," alimwambia shemeji.

"Bosi, haifunguliwi. Hewa kwao ni sumu. Ukifungua, umewaua."

"Unaniuzia mbuzi kwenye gunia?"

Mgeni akainyakua chupa. Akashika kifuniko.

Risasi moja ya Sindano. Bega la mgeni.

Chupa ikaruka. Shemeji akajitupa sakafuni, akaidaka, akaikumbatia kama kichanga.

"Shemeji, nipe."

"Umejuaje ni mimi?"

"Mwendo. Unatembea kama marehemu."

Akalia kama mtoto. "Waliahidi kumpeleka mama nje akatibiwe. Daktari kila siku subiri, subiri. Mama anaisha, shemeji!"

"Na wale waliolala vitanda vya jirani, hawana watoto?"

Shemeji akampa chupa. Alinyoosha mikono mwenyewe.

"Ishike wima," alisema pingu zilipobana. "Usiitikise."

Redio ikakoroma. "Sindano, vipi?"

"Wawili mikononi. Mmoja ana jeraha. Chupa salama."

Daktari aliipokea kwa mikono miwili. Hakuahidi kitu, alisema tu kwamba kazi itaendelea.

Wodini, bikizee, mama mkwe wake, alifumbua macho.

"Mwanangu, mdogo wake marehemu mbona haji leo?"

Sindano alimvutia shuka, akamfunika miguu. Ilikuwa ya baridi.

"Hatakuja, mama."

"Amepata kazi?"

"Lala, mama. Nitakuombea."

Akatoka. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu, kama wa siku zote. Wauguzi waliopishana naye walimwamkia, naye akawaitikia wote, mmoja mmoja.