Sura Yake, Mwendo Si Wake

Fundi Taa ndiye aliyemkuta. Alifungua mlango wa studio asubuhi, mvua inanyesha, akamwona Bosi amelala chini ya ngazi, shingo imepinda vibaya. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ghorofani kompyuta bado zilikuwa zinapika picha, ndivyo walivyoita kazi ya mashine kugeuza mahesabu kuwa filamu ya katuni. Fundi Mifupa, aliyekesha na mashine hizo chumba cha nyuma, alishuka taratibu akipapasa ukuta, akaketi ngazi ya mwisho na kulia kama mtoto.

Hao ndio waliokuwa wafanyakazi wote. Fundi Taa, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, kazi yake ilikuwa kuwasha jua na mwezi ndani ya kompyuta. Fundi Mifupa, mrefu mwembamba, ndiye aliyefanya sanamu za kompyuta zitembee.

Kesi ilionekana nyepesi. Kamera ya ulinzi ilikuwa imenasa kila kitu, jana yake jioni: mdogo wake Bosi, Kitinda, anapanda ngazi, anamsukuma kaka yake, anatazama chini huku amejifunika mdomo, kisha anashuka na kuiruka maiti. Sura wazi kabisa, hata kovu la kidevuni linaonekana. Tena siku moja kabla, ndugu hao walikuwa wametukanana nyuma ya mlango wa kioo, wafanyakazi wakiwaona bila kusikia maneno. Mdogo mtu alisema alikuwa nyumbani amelala, peke yake. Nani angemwamini? Alitiwa ndani siku hiyo hiyo.

Mama yao alikuja kituoni na nguo za msiba. Hakulia. Alimwambia Inspekta, mwanamke aliyelingana umri na watoto wake, amwonyeshe ile video. Inspekta alisita. Mama amwone mwanawe akimuua mwanawe? Lakini mama hakubanduka kitini, ikabidi.

Aliitazama mara moja tu.

"Huyu si Kitinda wangu."

"Mama, pole sana. Lakini sura..."

"Sura ni yake, sijakataa. Mwendo si wake. Kitinda mguu wa kulia anautupa nje tangu utoto, viatu vyake vyote vinaisha upande mmoja. Huyu anakanyaga wima. Na huo ukuta anaupapasia nini?"

"Labda alibadilisha mwendo makusudi."

"Mwanangu, nimebakiwa na mmoja. Ukimfunga huyo, nimezika wawili. Nisikilize basi."

Neno hilo lilimkaa Inspekta rohoni. Alimtoa Kitinda mahabusu akamtembeza ukumbini. Kweli, mguu wa kulia ulikwenda nje kila hatua. Alimuuliza waligombania nini na kaka yake, Kitinda akamweleza huku machozi yanamtoka. Inspekta akabaki peke yake akiwaza. Mtu anaweza kuigiza mwendo, sawa. Lakini jamani, nani anaficha miguu halafu anaacha uso wazi mbele ya kamera?

Alikwenda studio na swali moja.

"Mnaweza kumtengeneza mtu?"

Fundi Taa alimtazama. "Sanamu ya Kitinda tunayo, afande. Alikuwa shujaa wa filamu yetu, tulimpiga picha kutoka kila upande. Sanamu ya Bosi ipo pia. Na ngazi hizi zimo kwenye filamu."

"Na mwanga? Ule wa kwenye video ni wa ngazi hii hii, kivuli kwa kivuli."

"Nilipiga picha ya tufe linalong'aa hapo chini. Linanasa mwanga wote wa mahali, halafu kompyuta inaumwagia sanamu." Akaitazama ngazi. "Mungu wangu. Mwanga ni wangu."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mwanga ni wangu, siwezi kukataa! Lakini mimi natia mwanga tu, afande. Hata kumkunjisha mtu kidole siwezi!"

Inspekta hakumwamini wala hakumkatalia. Alimgeukia Fundi Mifupa.

"Mwendo unatoka wapi?"

"Kwangu. Navaa vazi lenye vidude, natembea, kompyuta inaandika mwendo wangu. Kisha naupachika kwenye mifupa ya sanamu yoyote."

"Mwingine halivai?"

Fundi Mifupa alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nani? Limekatwa kwa kipimo changu. Bosi alikuwa pipa, na huyu dada akilijaribu tutaokota vipande."

"Koma wewe!" Fundi Taa akang'aka.

Inspekta aliomba kipande cha filamu ambamo shujaa anapanda ngazi. Wakakiweka kando ya video ya kamera. Hatua ilifuata hatua. Mkono wa kushoto ulipapasa ukuta pale pale kwenye kona, kwenye filamu na kwenye video.

"Faili langu mtu yeyote angeweza kulichukua," Fundi Mifupa alisema. "Huyu hapa anajua linapokaa."

"Kweli. Kupanda na kushuka, mtu angeiba. Lakini filamu yenu ni ya watoto wadogo. Kuna mahali mtu anasukumwa?"

"Hakuna," alijibu Fundi Taa polepole. "Hakuna kabisa."

"Basi kule kusukuma kumerekodiwa upya. Ndani ya vazi linalomtosha mtu mmoja."

Fundi Mifupa alijifunika mdomo kwa mkono. Kwenye kioo cha kompyuta, Kitinda wa bandia naye alikuwa amejifunika mdomo, vidole vimetanuka vile vile. Fundi Taa aliona, akarudi nyuma mpaka akagonga meza.

"Filamu nzima nimeijenga mimi, mfupa kwa mfupa," Fundi Mifupa alisema mwishowe. "Halafu Bosi ananiambia kwenye filamu mkuu wa kazi ataandikwa mdogo wake. Eti mama yao atafurahi. Nikamsukuma. Hasira, afande. Sikukusudia."

"Na kumvika mdogo wake mauaji usiku kucha, hadi ukaiweka video hiyo kwenye kamera? Hasira hiyo?"

"Hapana. Hiyo nilikusudia."

"Unajua ndugu hao walitukanana kwa sababu gani?" Inspekta aliuliza. "Kitinda alikataa kuandikwa mkuu wa kazi. Alimwambia kaka yake kazi ni yako."

Fundi Mifupa aliinamisha kichwa. Akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Kitinda aliachiwa jioni. Mama yake alimkumbatia kituoni kwa muda mrefu, akimpapasa mgongo, mabega, masikio. Fundi Taa alikuwa amekuja na kompyuta ndogo, hajui la kufanya na mikono yake.

"Mama," alisema akiifunua, "Bosi yumo humu. Naweza kukuonyesha anatembea, anapunga mkono. Ni yeye kabisa."

Mama alimwachia Kitinda, akasogea. Aliufikisha mkono karibu na kioo, kisha akausimamisha hapo.

"Anatembea kwa miguu ya nani, mwanangu?"

Fundi Taa akaifunga kompyuta bila kuiwasha.

"Asante, nimeshukuru," mama alisema kwa upole. Akamshika Kitinda mkono. "Twende tukamchukue kaka yako mochwari ya hospitali kabla hawajafunga."