Kilele cha Wietske

Jumamosi ile soko la samaki la Groningen lilifurika watu, na baiskeli tatu zilikuwa zimeangukiana katikati ya njia. Wietske Dijkema, mwenye koti la manjano na samaki wa kukaanga mkononi, hakujisumbua kuzizunguka. Aliziruka zote, akatua bila kudondosha hata tone la mchuzi.

"Dada, samahani! Unaweza kuruka tena?"

Mwitaji alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa sweta lililotoboka kiwiko.

"Una wazimu wewe?"

"Nafundisha fizikia sekondari. Jorrit. Wanafunzi wangu wamechoka kutazama mpira ukidondoka."

Wietske akacheka. "Mimi naruka juu kwa mashindano, bwana. Njoo uwanjani uone kuruka kwenyewe."

Akaenda. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka wakawa wapenzi. Jorrit alirekodi kila mruko. Programu ya kompyuta iligawa video picha kwa picha. Akaweka nukta kiunoni mwa Wietske katika kila moja, nazo zikachora upinde laini. Kwa ruhusa yake, wanafunzi waliupima upinde ule na kupata nguvu ya mvutano wa dunia.

"Sijawahi kufundisha somo zuri kama wewe," Jorrit alimwambia.

"Acha maneno, mwalimu. Nibusu."

Lakini tangu Mei, Wietske alikuwa akiangusha ufito anaouruka kila mara. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na mchujo wa taifa ulikaribia. Mchana mmoja alimpelekea Jorrit stroberi shuleni. Mlangoni mwa darasa akasikia sauti ya msichana: "Kumbe anashuka tu!" Darasa zima likaangua kicheko. Ukutani palikuwa na picha ya Wietske akiruka.

Akaondoka na stroberi zake. Jorrit alipopiga simu, alipokea akiwaka.

"Unanianika mbele ya watoto kwamba nimezeeka?"

"Wietske, mpenzi, sikiliza..."

Akakata. Kwa siku tisa hakupokea tena. Ya kumi, akapokea.

"Dakika moja tu," Jorrit aliomba, "halafu unitukane."

"Haya, sema."

"Kilele chako ni kilekile cha mwaka jana. Hakijapungua hata kidogo! Ila unaanza kuruka kutoka mbali mno, kwa hiyo ukiufikia ufito, tayari unashuka. Mwanafunzi wangu Jildou ndiye aliyegundua. Wenzake walicheka kwa furaha, maana tulihangaika vipindi viwili. Sogea mbele sentimita ishirini."

Wietske akasema kwa sauti ndogo: "Nilizila mwenyewe zile stroberi. Zote, nikilia."

Siku ya mchujo alisogeza mbele alama yake ya kuanzia mbio. Akakimbia, akapaa, mgongo ukapita juu ya ufito kama unaupapasa. Ufito haukutikisika. Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Wietske alimkimbilia Jorrit penye kamera. "Nionyeshe!"

"Sikubonyeza."

"Jorrit! Mruko wa maisha yangu!"

"Nilikuwa nakutazama," alisema, macho yamemlowa.

Wietske akamshika sweta, akamvuta karibu. "Nioe basi."

"Leo?"

"Leo manispaa wamefunga, mjinga wewe. Jumatatu tukajiandikishe."