Upande wa Kuchota

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Wankyo alishuka ziwani na ndoo mkononi. Pale Nyamatende, mwalo mdogo wa wavuvi usio mbali na Mugango, ufuko ulitenganishwa na jabali kubwa. Kaskazini mwa jabali palikuwa upande wa kuchota maji ya kunywa. Kusini palikuwa upande wa kuoga, kufua, kunyweshea ng'ombe na kupasulia samaki. Hapakuwa na bango. Mtoto alifundishwa jambo hilo mara tu alipojua kutembea, na aliyekosa alijua adhabu yake: kuwatekea maji wajane mpaka wazee waseme basi.

Hata miaka ile ya shida, watu walipopanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni, upande wa kuchota ulikuwa safi. Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya Musoma yakajaa sabuni, na malori ya barafu yakaanza kuja kununua sangara. Malori hayo yaliegeshwa kaskazini, kwa kuwa njia ya kusini ilikuwa na matope. Wavuvi nao wakaona uvivu kubeba samaki mpaka ng'ambo ya jabali. Wakawapasua kaskazini, na matumbo wakayaacha palepale. Haya ndiyo maendeleo yetu: sabuni tumepata, usafi tumeutupa.

Asubuhi hiyo Wankyo alipoinamisha ndoo, utumbo wa sangara ukaelea na kuingia ndani. Akamwaga. Akachota tena, akapata mafuta na magamba. Hasira zilimpanda, maana nyumbani mdogo wake, Florian, alikuwa hoi kwa kuharisha.

Baba yake, Alfonce, alikuwa hatua chache kutoka hapo akinoa kisu.

"Baba, haya ndiyo maji anayokunywa Florian," alisema Wankyo.

"Ingia mpaka magotini, utapata maji safi. Ziwa haliishagi, mwanangu."

"Hata jana ulisema hivyo."

"Na leo nasema. Unataka lori liondoke? Hizo sare zako unadhani zinatokaga wapi?"

Wavuvi wenzake wakacheka. Wankyo akaondoka na ndoo tupu, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani alimkuta mama yake, Skolastika, akimnywesha Florian maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani.

"Mama, si huwa tunachemsha maji?"

"Tunachemsha. Lakini huyu ni mtoto, anakunywaga popote anapocheza. Mimi nimesema mpaka koo limenikauka. Nimesema hapa nyumbani, nimesema kanisani baada ya misa. Wanaitikia kwa kichwa, kesho wanarudi na visu vyao."

Moyoni Wankyo alikuwa amekwisha kuamua. Jioni ile, wavuvi walipokwenda kupumzika, yeye na rafiki yake Boke walivingirisha mawe kutoka mlimani, wakaiziba njia ya lori.

Kesho yake lori lilikuja, likapiga honi, dereva akatukana, kisha akageuza na kwenda mwalo mwingine. Jua likapanda. Sangara wakaanza kuvimba mchangani. Mwanzoni Wankyo alifurahi. Lakini alipopita karibu, alimwona Bibi Susana, mjane jirani yao, ameketi mbele ya sangara mmoja ambaye vijana wa mtumbwi walimgawia ili auze apate dawa ya miguu. Bibi alikuwa akifukuza nzi kwa kipande cha kanga. Furaha ya Wankyo ikayeyuka.

Mchana watu wakakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, wamenuna. Mwenyekiti, mzee Stanislausi, akauliza, "Nani ameziba njia?"

Wankyo akamtazama Bibi Susana, akasimama. "Ni mimi."

"Na mimi," alisema Boke, kwa sauti ndogo.

Alfonce aliinuka, mkono juu ampige. Skolastika akasimama katikati.

"Shusha mkono, baba Wankyo. Watoto wamekosa, waadhibiwe. Mwenyekiti, adhabu ya mwalo wetu ni ipi?"

"Kuwatekea wajane maji."

"Vizuri. Hawa watamtekea Bibi Susana. Sasa niambieni, ninyi mnaochafua upande wa kuchota mtateka lini? Au sheria za ufuko huu ni za watoto tu?"

Mzee Stanislausi akajikuna kidevu. "Hata mimi juzi nilipasulia kule," alisema. "Sheria ni msumeno. Kesho tutateka wote."

Mwanamume wa Nyamatende alibeba kasia, alibeba nyavu, alibeba hata jeneza, lakini hakubeba ndoo ya maji kichwani. Kesho yake wanawake walitoka nje kutazama, wakicheka bila kujificha. Alfonce alichota, akatoa utumbo. Akaingia mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni. Alirudi amelowa, amekunja uso, maji yakimdondokea shingoni. Wankyo na Boke walimfuata na ndoo zao.

Bibi Susana aliwapokea, akachota kikombe kutoka ndoo ya Alfonce. Desturi ya pale ilijulikana: aliyeleta maji huonja kwanza.

"Kunywa, baba Wankyo."

Alfonce alikishika kikombe. Juu ya maji palikuwa na duara la mafuta.

"Kunywa tu," alisema Bibi kwa upole. "Ndiyo ninayokunywaga mimi. Na mwanao."

Alfonce hakunywa. Alikiweka chini, akatoka bila kuaga. Baadaye Wankyo alimkuta njiani anabeba mawe yaleyale waliyoyavingirisha yeye na Boke, anayapeleka kusini kuziba matope. Wavuvi wengine wakaja, mmoja mmoja. Lori liliporudi liliegeshwa kusini, na visu vikahamia huko. Matumbo yakafukiwa.

Florian alipopata nafuu na kuanza kusumbua kuku, Skolastika alimketisha Wankyo jikoni.

"Ulikosea," alisema. "Lakini sikulaumu kwa kukasirika. Hata mimi bado nimekasirika. Anayeona kwao kunaharibiwa asiumie, huyo hakupendi kwao. Ila hasira ni moto. Ukiutupa ovyo, unamuunguza Bibi Susana. Ukiuweka kwenye mafiga, unapika ugali watu wakala. Kabla hujafanya kitu, jiulize ni nani ataumia."

"Nimeelewa, mama."

"Basi chukua ndoo. Bibi anangoja maji, na wazee hawajasema basi. Ukifika ziwani, angalia kama kuna mtu mwenye kisu kaskazini ya jabali. Ukimwona, usibebe jiwe. Mpelekee kikombe aonje."