Kipande Kilichofutwa Kutu

Duka la vyuma lilifurika watu hata pumzi ilikuwa ya kugombea. Mchomeleaji mmoja, aliyeitwa Cheche kwa sababu hakuwa na shati lisilo na tundu la moto, alidaka bamba la mwisho. Upande wa pili likadakwa na dada wa gauni la manjano.

"Kaka, achia."

"Nina geti la mteja."

"Mimi nataka likaoze."

Cheche akaachia. Moyo nao ukaachia, ukamfuata dada hadi maabara ya kiwanda alikofanya kazi, wala haukurudi kulala kwake tena.

Kazi ya dada ilikuwa kuozesha. Vipande vya bamba vilizunguka ndani ya mitungi ya maji ya chumvi, mmoja una mchanga, mwingine hauna. Wakubwa zake walishikilia kuwa mabomba ya kiwanda yanaliwa na chumvi tu. Asipowaonyesha kwamba mchanga nao una kosa, kazi hana.

Siku moja alitoka kupokea simu. Cheche, mpenzi wake sasa, aliyekuja kumsalimia, akaona kipande cha mtungi usio na mchanga kimejaa kutu. Mikono ikamwasha. Akakitoa, akakipiga msasa kikang'aa, akakirudisha.

"Umefanya nini?" dada akauliza aliporudi.

"Nimekusafishia, mpenzi."

"Toka."

Simu za Cheche hazikupokelewa tena. Hakutulia, hakukalika. Alichomelea dirisha la mteja likagoma kufunguka milele, akachomelea kiti chake kwenye meza. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, mlango niachie, nipate pa kutokea."

Ndipo simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Nipo. Nipo. Nipo."

"Nimesikia. Njoo."

Alikuta dada ameshika kile kipande, kimekonda kama wembe.

"Ulipokisugua kikaanza kuliwa upesi. Nikaendelea kukisugua kila siku, kikaliwa karibu sawa na cha mchangani. Kutu ile ilikuwa gamba, inakikinga kidogo. Mchanga unafanya kama mikono yako: unabandua gamba, chuma kinabaki uchi, maji yanakila. Wakubwa wameona, wamekubali."

"Kwa hiyo nimesamehewa?"

"Umesamehewa. Ila ukiwa humu, mikono mfukoni."

Mfukoni ndimo ilimokuwa pete, aliyoichonga kwenye mabaki ya bamba lile aliyoyaokota maabara. Akaitoa, akamnyooshea.

Dada akaigeuzageuza. "Itashika kutu hii."

"Najua."

"Utaiona kila asubuhi kidoleni mwangu. Utavumilia?"

Cheche akaitazama. Kidole gumba kilishaanza kumwasha.

"Sitaigusa."

"Basi nivishe. Halafu mikono irudi mfukoni."